Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili: Umati Huvutwaje?

Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hivi, vikundi viwili vya ngoma ya Kisukuma hupambanishwa kwenye uwanja mmoja, saa ile ile. Anayeshinda ni aliyezungukwa na watu wengi. Iwe Shinyanga vijijini, Kahama au Geita, mashabiki wanaijua kanuni hiyo, na ni kanuni katili: mtazamaji hajalipa kiingilio, hana kiti cha kumfunga, na akichoka anakuhama wimbo ukiwa katikati.

Pande ni mbili tangu zamani, Bagika na Bagalu. Waasisi wao, Ngika na Gumha, walikuwa waganga na wachezaji wa karne ya 19, na mpaka leo anayeshindwa hupenda kusema alizidiwa dawa. Siibezi dawa, maana kikundi kinachoiamini hucheza kwa kujiamini na humtii kiongozi wake. Ila tukiishia hapo hatutajua umati ulihama kwa nini.

Fundi wa mbali ambaye ustadi wake nao uliitwa uchawi ni Giacomo Torelli, mbunifu wa majukwaa na msanifu majengo aliyezaliwa Fano, Italia, mwaka 1608. Wenzake walimbandika jina la mchawi mkuu, na uchawi wenyewe ulikuwa chini ya sakafu. Katika ukumbi wa Teatro Novissimo, Venice, uliofunguliwa 1641, kila ubao wa mandhari ulisimama juu ya nguzo iliyopenya kwenye ufa wa sakafu hadi kwenye kigari kilichokuwa chini yake. Kamba za vigari vyote zilikusanywa kwenye gogo moja la mviringo, lenye uzito wa kulivuta. Kijana mmoja akifyatua kizuizi, uzito unashuka, gogo linazunguka, mbao za zamani zinarudi pembeni na mpya zinaingia kwa pamoja. Msitu unageuka kasri mbele ya macho ya watu. Mchimbaji wa Geita anayekaa kwenye winchi juu ya shimo la mgodi hahitaji kuchorewa.

Mwaka 1645 Torelli alikwenda Paris na kuutikisa mji kwa mitambo hiyo. Baadaye mpinzani wake, Gaspare Vigarani, aliichukua na kuichoma moto. Torelli akarudi kwao Fano, akajenga Teatro della Fortuna, uliofunguliwa 1677, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kwa hiyo fitina za ngoma si za Usukumani peke yake.

Sasa mweke Torelli kwenye uwanja wa vumbi. Sakafu ya kufichia kamba haipo, paa halipo, na watu wamemzunguka pande zote. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, anafanya kazi katika hali hiyo. Hawezi kuficha mtambo, kwa hiyo anaficha wakati. Chatu wa Bagoyangi, wacheza nyoka, haonyeshwi mwanzoni. Anakaa mfukoni huku ningi akiutazama umati wa upande wa pili, anasubiri pale wimbo wao unapoanza kujirudia. Akimtoa mapema, watu wataona, watashangaa, kisha watarudi walikotoka. Vivyo hivyo vinyago vikubwa vya mbao, ambavyo baadhi yake vina mikono ya kuchezeshwa: vina nguvu mara ya kwanza tu.

Tatizo la pili ni kimo. Umati ukifika safu ya nne au ya tano, aliye nyuma haoni miguu wala kiuno cha mchezaji, anaona visogo. Huyo ndiye wa kwanza kuhama. Hapa ndipo naona Bagobogobo waliwapita wengi kwa akili. Ngoma yao imetoka kwenye kilimo cha pamoja, na silaha yao ni jembe. Mchezaji hulizungusha mkononi, hulirusha juu, hulidaka kwa mpini huku ngoma kubwa ikiendelea kuunguruma. Jembe likiwa hewani, aliye safu ya mwisho ameliona sawasawa na aliye mbele. Na wachezaji wakirusha kwa pamoja, hata mtu aliyesimama kwenye duara la wapinzani anageuza shingo. Sina uhakika kama aliyeanzisha alikusudia hivyo, lakini kazi inafanyika.

Wimbo nao una hesabu yake. Ningi mzuri humtaja mpinzani na kumchokoza kwa mafumbo, na watu husogea karibu ili wasikose neno. Kusogea huko ndiko kunakolibana duara, na duara lililobanana huvuta wapita njia.

Spika za kisasa zimeharibu hesabu hiyo. Sauti ikishafika kila kona, hakuna sababu ya kusogea; mtu anasimama katikati ya uwanja, anasikia wote wawili, na hahesabiki upande wowote. Kikundi kinachotaka kuirudisha kingeweka spika kwa ajili ya ngoma na vibwagizo, halafu ningi azime kipaza sauti anapofika kwenye fumbo lenyewe.