Pongezi kwa Mafundi wa Kompyuta wa Kalemie

Mafundi wa Kalemie, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika uliokuwa ukiitwa Albertville, wanastahili heshima kubwa kwa kuzihuisha kompyuta kuukuu ambazo kwingine zingetupwa. Kazi yao nyeti zaidi ni kubadilisha pawasaplai, yaani kisanduku kinachopokea mkondo geu wa volti 220, unaobadili mwelekeo mfululizo, na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Fundi hodari hukadiria kwanza wati zinazohitajika, kisha huchagua kisanduku chenye nguvu ya ziada, wala hakifungui ovyo kile cha zamani, kwa kuwa kapasita, vipande vinavyohifadhi chaji, huweza kumpiga mtu shoti hata baada ya waya kuchomolewa. Joto nalo, hasa vumbi la kiangazi linapoziba matundu, hudai uangalifu: feni husafishwa, na mafuta mazito ya kupitisha joto hupakwa upya, kidogo tu, kati ya prosesa, kipande kinachofanya hesabu za kompyuta, na bamba la alumini linaloipoza. Ustadi huu, hata usipokuwa na cheti, ni elimu kamili, na shule za ufundi za jimbo la Tanganyika ziwaite mafundi hawa wafundishe.