Nani Anauliza Swali la Pili?

Saa ya Nairobi na saa ya Riyadh ni moja. Kwa hiyo Mkenya anayefanya kazi Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh, akifungua Radio Jambo ya Kenya kwenye simu yake asubuhi, kipindi cha Patanisho humkuta wakati uleule kinapomkuta mwenzake aliyeko Kitale. Katika nyumba anamofanya kazi, huenda redio imewekwa Idhaa ya Qur'ani, yenye kipindi cha maswali na majibu cha Nurun ala Darb. Vipindi vyote viwili hupokea watu waliolemewa na mambo ya ndoa na familia. Vinatofautiana katika umbo, na umbo ndilo linaloamua ushauri gani unawezekana.

Nurun ala Darb kilijengwa juu ya barua. Mtangazaji alikuwa akisoma: msikilizaji fulani, Msudani au Mmisri anayeishi mji fulani, pengine kwa herufi za jina tu, anauliza. Kwa miaka mingi mmoja wa waliojibu alikuwa Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki 1999. Alikuwa kipofu tangu ujana wake, kwa hiyo barua ilimfikia kwa sikio, sawa na ilivyotufikia sisi. Kwa barua, mwenye swali hayupo hewani wala hawezi kuulizwa zaidi. Ndiyo maana jibu la namna hii huenda kwa masharti: ikiwa mume alikusudia hivi, hukumu yake ni hii, ikiwa hakukusudia, ni ile. Mwulizaji anaachiwa ajipime mwenyewe yuko upande gani. Hilo "ikiwa" ni adabu ya mtu anayejua kwamba amesikia upande mmoja tu.

Patanisho, kilichopata umaarufu kupitia mtangazaji Gidi na mwenzake Ghost Mulee, kocha wa zamani wa Harambee Stars, kinakwenda kinyume. Mtu hutuma ujumbe, hupewa nafasi ya kueleza kisa, kisha Gidi humpigia yule wa pili. Hapo swali la pili linapatikana, na mara nyingi linapindua kisa chote: mume aliyesema amekosana na mke kwa jambo dogo anabainika kumbe alishaoa mwingine. Kwa utambaji ni hodari sana. Lakini angalia mizani. Aliyeomba amekuja na maneno yake tayari. Aliyepigiwa anatakiwa ajibu papo hapo: unamsamehe au humsamehe? Akinyamaza, kimya chake kinakuwa sehemu ya burudani.

Mwanasaikolojia akiingia studio anakuta mitego yote miwili: kusikia upande mmoja tu, na kuharakishwa. Kazi yake ya kawaida inategemea kuuliza, kungoja na kuvumilia kimya. Redio haivumilii kimya. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, katika kanuni zake za maadili za 1981, kilikubali ushauri wa mtu binafsi kupitia redio, ila kikataka utambuzi wa tatizo na tiba vibaki ndani ya uhusiano wa kitaalamu. Mpaka huo unasikika katika sentensi zenyewe. Anayemwambia mpigaji, dakika ya kwanza tu, kwamba mumewe ana maradhi fulani ya nafsi, amempima mtu ambaye hajawahi kumsikia hata akisalimia. Anayesema "kwa jinsi ulivyonieleza", kisha akauliza ilianza lini na nani mwingine nyumbani anajua, amebaki upande wake wa mpaka.

Kwa hiyo mtaalamu wa redio ana mengi ya kujifunza kwa wote wawili: masharti ya sheikh na swali la pili la Gidi. Asichopaswa kuazima ni haraka ya kufunga kesi kabla ya tangazo la biashara. Na Patanisho nacho kingepata uzito zaidi kwa badiliko moja dogo: anayepigiwa apewe muda wa kujiandaa sawa na aliopata aliyeomba, pamoja na haki ya kukataa bila taifa kusikia.