Mtoto Arejeaye Kimya

Ndugu msomaji wa Handeni na Korogwe, ikiwa nyumbani kwako mna kijana wa Chuo Kikuu, nakuomba ukisome "Kichwamaji", riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Najua wako watakaosema ni kitabu cha kufuru, kisiingie nyumba ya Waislamu. Ni kweli kwamba Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amtilia shaka Muumba wake, na mwisho ajitoa roho, jambo ambalo dini yetu imeliharamisha. Lakini lau tungekitupa kwa hilo, tungekuwa tumesoma ukurasa wa mwisho tu.

Mimi kilichonishika ni pale arudipo likizo kwao Ukerewe. Yu katikati ya jamaa zake, na bado hana wa kuzungumza naye. Hapo mwandishi amesema kweli tupu. Je, si ndivyo tuwapokeavyo wetu wakishuka garini pale Mkata au Korogwe mjini? Twauliza mitihani, twauliza mkopo, twauliza kazi itapatikana lini. Kijana akijifungia chumbani siku tatu twasema amechoka na vitabu. Siku ya nne twasema usomi umemtia kiburi.

Nilipogombana na mwandishi ni kwingine. Maradhi ya moyo wa Kazimoto ameyafanya falsafa, na falsafa haina tabibu. Basi kila mlango umefungwa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, hakuona hivyo. Katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi aliitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile impatayo mtu asijue imetoka wapi, na hii ya pili akasema yaweza kuanzia mwilini, ikataka dawa. Huyo ni wetu, na ni wachache wamjuao!

Tena tabibu hayuko mbali. Milimani Lutindi, wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, pana hospitali ya maradhi ya akili tangu zama za Mjerumani. Waliianzisha wamisionari, nalo lisikuzuie. Mgonjwa wa homa hatumfichi. Huyu twamficha kwa nini?

Kitabu chenyewe ni kizito, na mwisho wake haumfai kijana aliyekwisha kunyong'onyea. Huyo usimpe. Kisome wewe mzazi, kabla ya likizo.