Jinsi Salmonella Anavyoilazimisha Seli Immeze

Katika mitaa ya Nairobi kama Lucky Summer, homa ya mtoto ikikataa kushuka, mzazi huwaza malaria, kisha taifodi. Lakini watafiti wa KEMRI, akiwamo Samuel Kariuki, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba damu ya watoto wa Nairobi hukutwa pia na Salmonella wasio wa taifodi, hasa Typhimurium wa ukoo wa ST313. Bakteria aliyemezwa pamoja na chakula au maji huanzaje kuvuka ukuta wa utumbo ili afike kwenye damu?

Kula vijidudu si kazi ya seli za ukuta huo. Ni kazi ya chembe nyeupe. Salmonella huzilazimisha seli za ukuta zifanye hivyo. Mwilini mwake ana sindano ndogo mno, ambazo Jorge Galán na wenzake walizionyesha kwa hadubini ya elektroni mwaka 1998. Sindano ikigusa seli, protini SipB na SipC hutoboa utando, na protini nyingine hupenya ndani.

Zinacholenga ni aktini, nyuzi zinazoipa seli umbo. Seli huzijenga kwa amri ya swichi mbili, Rac1 na Cdc42. Protini zilizopenya, SopE na SopE2, huziwasha swichi hizo. SopB huchochea zaidi kwa kubadili mafuta ya utando. Hapo mtambo wa seli yenyewe, Arp2/3, huunga aktini kwa kasi. SipC hukusanya nyuzi, SipA huzizuia zisibomoke. Kwa dakika chache tu utando huinuka kwa mikunjo, humzunguka bakteria na kumvuta ndani.

Ustadi mkubwa zaidi uko mwishoni. SptP, iliyoingia pamoja na SopE, huzima swichi zilezile. Mwaka 2003 Kubori na Galán walieleza mpangilio wake: seli huivunja SopE mapema, ilhali SptP hudumu zaidi. Mikunjo hutulia, seli hubaki hai, na bakteria yumo ndani ya kifuko.

Maficho hayo yana maana kubwa kwa tiba. Antibiotiki ya jentamisini hupenya seli kwa shida. Ndiyo maana watafiti huitumia kuua bakteria wa nje ya seli, kisha huhesabu walionusurika ndani. Hivyo dawa inayomuua Salmonella kwenye kisahani cha maabara inaweza kushindwa mwilini. Tena ST313 wengi ni sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli.

Chanjo ya taifodi iliyotolewa kwa kampeni nchini Kenya Julai 2025 ni kinga muhimu, mpeleke mtoto aipate. Hata hivyo inalenga gamba la Vi, ambalo Typhimurium hana. Kipimo cha taifodi cha Widal nacho hakitoshi kumtambua. Kwa hiyo mzazi, usinunue antibiotiki kwa kubahatisha. Homa ikiendelea, mpeleke mtoto hospitali na uombe damu yake ioteshwe maabara.