Moyo Uliobaki Mtini: Uhakiki wa Filamu Yetu Wenyewe

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Ndiyo maana si kawaida mtu kuhakiki kazi aliyoifanya mwenyewe. Hata hivyo nimeona nijaribu, kwa sababu filamu ya katuni tuliyoitengeneza sisi wanafunzi wanne katika somo la Fasihi Simulizi ilisifiwa mno siku ya maonyesho, na waliokosoa walikosoa pasipostahili. Walisema picha zinarukaruka, bahari haifanani na bahari, vifaa duni. Jamani, uduni wa vifaa tunaujua. Kasoro kubwa iko kwingine, na aliyeibaini hakuwa mhadhiri wala mwanachuo. Alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Zoezi lilikuwa hivi: kila kundi lichague ngano moja na kuigeuza kuwa filamu isiyozidi dakika tatu. Sisi tulichagua kisa cha Kima na Papa. Msomaji anakijua, lakini nitakikumbusha kwa ufupi. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, na kila siku anamrushia Papa matunda. Urafiki unakolea. Siku moja Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na walipofika katikati ya maji anamtobolea siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia angesema mapema, maana wao kina kima wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Papa anageuza njia. Kima anapanda mti, na ndiyo imetoka hiyo.

Kisa hiki ni cha zamani. Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi zilizosimuliwa Unguja, na ndugu yake wa India yumo katika Panchatantra. Katika kitabu cha Steere, Papa anapomwita Kima arudi, Kima anamjibu kwa hadithi nyingine, ile ya punda wa dobi. Nitaigusa hapo mbele, kwani ndiyo tuliyoikata, na kuikata ndiko kulikotuponza.

Sasa tuje kwenye mipango. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja, na wachoraji wa katuni mara nyingi hutumia kila mchoro mara mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Filamu yetu ilikuwa ya dakika mbili na nusu. Sekunde 150 mara 12 ni picha 1,800. Kuchora yote hayo kwa wiki tatu, huku majaribio ya masomo mengine yanakusubiri, tuliona ni kujinyonga. Tukaamua kukata. Kima na Papa walikatwa kwenye karatasi ya manila, viungo vyao vikaunganishwa kwa uzi, wakalazwa juu ya kanga ya buluu, na simu ikafungwa juu yao kwenye kiti. Unasogeza mkono wa Kima kidogo, unapiga picha. Unasogeza tena, unapiga tena. Ukipiga chafya, umeharibu. Umeme ukikatika mwanga unabadilika, basi mnaanza upya.

Hakuna aibu katika njia hii. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitengeneza The Adventures of Prince Achmed (1926) kwa vikato vya karatasi, akichota visa vyake katika Alfu Lela Ulela. Moustapha Alassane wa Niger alitoa Bon voyage, Sim mwaka 1966, na wahusika wake ni vyura waliochorwa kwa mistari michache tu. Kwa hiyo anayesema tatizo letu ni umaskini wa vifaa anatuonea huruma ya bure.

Kabla ya kukata tulichora mpangilio wote kwenye daftari, visanduku 32, mfano wa vibonzo vya gazetini. Kisanduku cha 19 ndicho kilichozua ubishi. Hapo ndipo Kima anapotunga uongo wake. Mchoraji wetu, kijana hodari kweli, alichora mkuyu, na kwenye tawi akaning'iniza moyo mwekundu unaodunda. Mimi nikapiga makofi. Nakiri. Tulitaka watu wacheke. Dada mmoja wa kundi letu, mpole, si msemaji sana, akauliza: "Sasa huo moyo nani anauona?" Akapendekeza Kima achorwe ameshika kifua tu wakati anasema. Tukamwambia asitucheleweshe, picha 1,800 zinatungoja.

Siku ya maonyesho baadhi ya wahadhiri walikuja na watoto wao. Moyo ulipotokea mtini, ukumbi mzima ulicheka, tukagongana mikono. Filamu ikaisha, makofi yakatulia, ndipo mtoto mmoja akauliza kwa sauti: "Mbona Kima hakuuvaa moyo wake?" Watu wakaangua kicheko tena. Mimi sikuweza. Mtoto alikuwa na haki. Tulimwonyesha moyo ukining'inia mbele ya macho yake mwenyewe. Kwa nini asiamini? Papa alidanganywa na Kima. Mtoto yule alidanganywa na sisi.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Katika masimulizi, uongo una mwenyewe. Fanani husema "Kima akamwambia", akabadili sauti, akakonyeza jicho, na hadhira ikajua kuwa maneno yale ni ya Kima. Picha haina "akamwambia". Kikishachorwa, kipo. Katika katuni hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu mtazamaji amekwisha kukubali mengi: kima anaongea, samaki wana sultani mgonjwa. Akiyakubali hayo, atashindwaje kukubali kwamba moyo unatundikwa kama shati?

Punda wa dobi angetuokoa. Katika hadithi ile, Simba anamkosa punda mara ya kwanza, lakini Sungura anamrubuni punda arudi tena, naye anauawa. Sungura anakula moyo na masikio, kisha anamwambia Simba kuwa punda huyu hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Moyo hapo ni akili. Kima anamsimulia Papa kisa hicho ili aelewe kwamba moyo wake haukuwahi kutoka kifuani. Sisi tuliona kitatuchukulia sekunde 40, yaani picha 480 za ziada, tukakifuta. Tulihesabu picha, maana hatukuihesabu. Ngano inayosifu akili ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu ikageuka kioja cha mnyama anayesahau moyo wake nyumbani.

Najua wapo watakaonijibu kwamba filamu ni sanaa inayojitegemea, isipimwe kwa mizani ya masimulizi. Nakubali kabisa. Lakini sanaa hiyo ina njia zake za kuonyesha jicho la nani linatazama, nasi hatukuzitumia. Tungeuweka moyo ule ndani ya kichwa cha Papa, tukaukata kwenye gazeti badala ya manila, na mtazamaji angeona kuwa ni kitu cha namna nyingine, ni ndoto ya Papa. Au tungemsikiliza dada yetu. Kima anasema moyo uko mtini, huku kiganja kimebana kifua kinachodunda. Hapo hata mtoto wa darasa la pili angejua ukweli uko wapi, na angemcheka Papa pamoja nasi. Sekunde mbili. Picha 24!

Alama zimekwisha kutoka, na ni nzuri. Wenzangu wananiambia niache kujitafutia makosa. Mimi naona alama zile zilipewa kazi ya mikono, na kazi ya mikono kweli tuliifanya. Wanaojiandaa kwa zoezi hili mwaka ujao nawasihi: kabla hamjashika mkasi kaeni na daftari lenu, na kwa kila kisanduku ulizeni lile swali tulilolipuuza, nani anauona? Mwenye hoja tofauti na ailete. Nami nitaisoma.