Timu ya Kuwafariji Wafiwa: Uhakiki kutoka Rangwi

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake unatishia uhai. Fasili hiyo yataka kazi ifanywe na timu, nayo yaikumbuka familia hata baada ya msiba. Kwa hilo twaisifu. Inafuata nyayo za Cicely Saunders, muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja.

Hata hivyo, tukiisoma fasili hiyo tukiwa Rangwi, katika milima ya Usambara, twaona kasoro mbili. Kwanza, familia imewekwa upande wa wapokeaji tu. Huku kwetu, kabla muuguzi hajafika, ndugu na jirani wamekwisha kumbeba mgonjwa kwa machela, kumwogesha na kumlimia shamba. Hao ni timu tayari. Tena ukoo mmoja waweza kuwa na Wakristo na Waislamu, hivyo mchungaji hawezi kuifanya timu hiyo kuwa yake peke yake.

Pili, faraja ya wafiwa itolewe pale tu inapoonekana kuhitajika. Ni nani atakayeliona hitaji hilo? Matanga yakiisha, muuguzi amefunga jalada, mchungaji amekwenda kwenye maziko mengine, na mjane amebaki na watoto na madeni.

Lawama hii yatugusa sisi wachungaji kwanza, kwa maana tumezoea kuhesabu kazi kuwa imetimia tukiisha kutupa udongo kaburini. Rafiki watatu wa Ayubu walipatana kwenda kumfariji. Hiyo nayo ilikuwa timu. Siku saba, mchana na usiku, waliketi naye chini pasipo kusema neno, wala hawakukosea. Walikosea walipoanza kumfundisha.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba, mgonjwa angali hai, muuguzi, mzee wa kanisa na jamaa wapatane nani atairudia nyumba ile baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na mwaka. Jina lake liandikwe. Pasipo jina, timu ni neno tu.