Kipa Hupimwa Kabla Hajaruka

Jioni, dagaa wakishaanuliwa, mchanga wa Katonga, Kigoma, unageuka uwanja. Vijiti viwili vinachomekwa, na anayesukumiwa golini mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote. Akijirusha akaupangua mpira, ufuo mzima unapiga kelele. Mjuzi wa makipa hapigi makofi bado. Anajiuliza: ilikuwaje hata ikambidi aruke?

Swali hilo ndilo la kuanzia. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, na hakuna mikono inayoweza kulijaza. Linapungua kwa miguu: hatua mbili tatu mbele kumwendea mpigaji, mpaka mshambuliaji aone zaidi kifua cha kipa kuliko wavu. Kipa wa namna hiyo anapigiwa mpira ukaishia mikononi mwake, na jukwaa linamlaumu mpigaji. Kazi imefanyika, hakuna aliyeiona.

Kigoma ina mfano wake nyumbani. Juma Kaseja, mzaliwa wa huku, si mrefu kwa kipimo cha makipa, na maneno kuhusu kimo chake hayakuisha. Hata hivyo alidakia Simba na Yanga zote mbili, akaitwa Tanzania One. Mfupi hana anasa ya kuchelewa. Kwenye krosi, basi, usiufuate mpira. Tazama hatua ya kwanza ya kipa. Mbovu huondoka mguu wa winga unapougusa mpira, kisha hujikuta katikati ya njia akipapasa hewa. Mzuri husubiri kidogo, ausome, halafu akitoka hasiti.

Kusubiri huko ndiko kulikomjengea Kaseja jina mwaka 2003, Simba ilipokwenda Cairo kuivua Zamalek ubingwa wa Afrika. Kila upande ulishinda bao 1-0 nyumbani kwake, matuta yakaamua, na Kaseja akadaka. Watu hukumbuka penalti alizookoa. Cha kuangalia ni kabla ya hapo: kipa anayeegemea upande mapema, mita 11 tu kutoka kwa mpigaji, amekwisha kumpa jibu.

Mwaka 2019 sheria ikabadilika: mpira unapopigwa, kipa alazimike kubaki na sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari au usawa wake. Mwaka huohuo Kaseja, mwenye miaka 34, akarudishwa Taifa Stars na Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyekuwa amemfundisha KMC. Agosti, baada ya sare mbili tasa, Kenya ikatolewa Nairobi kwa penalti 4-1. Septemba ikafuata Burundi: 1-1 nyumbani na ugenini, kisha 3-0 kwa matuta. Jirani zetu wa ziwa hawakufunga hata tuta moja, na kocha aliyewafanyia hivyo ni wa kwao.

Mikono nayo ina dalili zake. Mpira uliodakwa vizuri hutoa mlio mzito na kufia kifuani. Uliogonga viganja vikavu hurudi mbele, na huko ndiko kutema. Siku ya mvua usimlaumu asiyedaka. Mlaumu anayepangulia katikati badala ya pembeni.

Na mbwembwe? Juma Pondamali "Mensah", kipa aliyekwenda na Stars Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Lagos, alikuwa nazo tele, na watu walimpenda. Hazina ubaya ikiwa kazi iko chini yake.

Kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma, ambako Julai 2021 Simba iliifunga Yanga fainali ya kombe la shirikisho kwa bao pekee la Taddeo Lwanga, lililoanzia kwenye kona, pazuri pa kumsomea kipa ni nyuma ya goli. Mpira ukiwa mbali kabisa, upande wa pili, utamsikia akiwapanga mabeki wake kwa majina, sauti ikiwa imekwisha kukauka.